Uchambuzi wa kisa: kilti ya sufu kwa bajeti ya pauni 350

Mhusika na alichohitaji

Mhusika ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa pwani ya Kenya, muuguzi katika mji mmoja wa katikati ya Uskoti. Jina lake, mji na hospitali tumeviondoa. Bei zote zilizotajwa ni zile alizolipa au alizoambiwa yeye.

Mwishoni mwa Novemba alialikwa harusi ya mfanyakazi mwenzake, Jumamosi ya mwisho ya Juni. Kabla ya Krismasi ukaja mwaliko wa pili, harusi ya Septemba. Halafu kila 25 Januari wenzake hukutana kwa chakula cha usiku cha kumkumbuka mshairi Robert Burns, na wanaume karibu wote huja na kilti, vazi la Kiskoti la marinda linalofungwa kiunoni. Ya Januari iliyokuwa mlangoni aliamua kuhudhuria na suti yake ya kawaida. Hata hivyo zilibaki shughuli tatu za uhakika: Juni, Septemba, na Januari ya mwaka uliofuata. Akatenga pauni 350 kwa vazi zima, kuanzia kilti hadi viatu.

Kujifunga nguo kiunoni hakukumtia haya. Kikoi amekivaa tangu utotoni. Kilichomtatiza ni bei. Mtandaoni aliona kilti ya pauni 48. Fundi wa mjini akamwambia pauni 520, tena asubiri wiki 10 hadi 12. Duka la kukodisha lilimtajia pauni 95 kwa vazi kamili la siku chache, na amana juu yake. Kwenye picha ya simu, kilti ya 48 na ya 520 hazikuwa na tofauti ya kuonekana.

Tofauti iko wapi

Kilti ya kimila ni kitambaa kimoja kirefu cha sufu kinachozunguka mwili na kufungwa kiunoni kwa mikanda midogo ya ngozi yenye mabizimu. Mbele kuna ubapa usio na marinda, chini yake ubapa wa pili, na marinda yote yako nyuma. Ile inayoitwa ya yadi 8 hutumia mita 7.3 hivi za kitambaa chenye upana wa urefu wa kilti na ziada kidogo. Viwanda hufuma tartani, yaani kitambaa chenye mistari ya rangi inayokatizana, kwa upana wa sentimita 140 hadi 150, kwa hiyo fundi hununua yadi 4, huzipasua katikati kwa urefu, huunganisha vipande viwili na kuuficha muungano ndani ya rinda. Chini hakukunjwi wala kushonwa upindo. Ukingo unaoning'inia magotini ni ule ule uliotoka kwa mfumaji. Ukiinua kilti ukakuta chini imekunjwa na kupigwa cherehani, mara nyingi kitambaa hakikufumwa kwa kazi hiyo, au kuna mtu aliwahi kuifupisha.

Uzito wa kitambaa hutajwa kwa aunsi. Aunsi 10 au 11 ni nyepesi na hupeperuka, 13 ni ya kati, 16 ni nzito na marinda yake hurudi mahali pake yenyewe hata baada ya kukalia kiti usiku kucha. Mbali na sufu kuna mchanganyiko wa poliesta na viskosi. Huo haustahili kudharauliwa: hufuliwa nyumbani, na anayevaa kilti kila wiki kwenye mvua na matope atafanya vizuri kuuchagua. Akriliki ni habari nyingine. Huota vinyweleo vilivyojiviringisha pale mkoba unaoning'inizwa mbele ya kilti unaposugua, na rinda likishalala halisimami tena bila pasi.

Lakini gharama kubwa ya zile pauni 520 si kitambaa, ni mikono. Marinda hushonwa moja moja kwa sindano kutoka kiunoni hadi penye nyonga pana kabisa, na kila moja hupunguzwa kidogo kadiri linavyopanda. Chukua vipimo vya mhusika wetu: kiuno sentimita 94, nyonga 104. Marinda hubeba nusu ya mzunguko, yaani 52 nyongani na 47 kiunoni. Kwa marinda 26, kila moja huonekana kwa sentimita 2 chini na sentimita 1.8 juu. Fundi anapunguza milimita 2 katika kila rinda, mara 26, na mistari ya tartani haina budi kuendelea kukutana. Kisha hukata kitambaa cha ziada kilichorundikana ndani, huweka turubai ya kubeba uzito, na kufunika yote kwa bitana. Kazi hiyo hula saa 15 hadi 25. Mashine huifanya kwa muda mfupi zaidi, lakini kwa kawaida marinda huwa machache, mafupi kwenda ndani, na ya upana mmoja.

Desemba: ununuzi wa kwanza

Aliagiza ile ya pauni 48. Tangazo lilisema yadi 8, "ubora wa juu", saizi kwa kiuno cha suruali. Yeye huvaa suruali ya 34, akaagiza 34.

Ilipofika haikufunga. Suruali hukaa chini ya kitovu na saizi ya kwenye lebo mara nyingi ni ndogo kuliko mwili halisi. Kilti hukaa juu, kwenye kitovu au kupita kidogo, na hupimwa kwa futi (utepe wa kupimia) mwilini. Tofauti kwake ilikuwa inchi 3: alihitaji 37.

Kabla ya kuirudisha aliihesabu, na hesabu hiyo inafaa kujulikana na kila mnunuzi kwa sababu haihitaji ufundi wowote. Hesabu marinda. Pima jinsi rinda moja linavyoingia ndani, zidisha mara mbili, jumlisha sehemu inayoonekana nje. Zidisha kwa idadi ya marinda. Ongeza bapa mbili za mbele pamoja na mikunjo yake. Kilti ile ilikuwa na marinda 17, kila moja likiingia ndani sentimita 5 na kuonekana sentimita 3, yaani sentimita 13 za kitambaa kwa rinda. Mara 17 ni mita 2.2. Bapa mbili, mita 1.4. Jumla mita 3.6, ambazo ni yadi 4 bila kufika. Nusu ya kilichotangazwa.

Aliirudisha. Kwa sheria ya Uingereza, kanuni za mwaka 2013 zinampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu apokee mzigo kughairi bila kutoa sababu, pale muuzaji anapokuwa mfanyabiashara. Nauli ya kurudisha, pauni 9, ilikuwa juu yake. Haki hiyo haimhusu muuzaji binafsi anayeuza nguo yake ya zamani, wala kilti iliyoshonwa kwa vipimo vyako. Yeyote anayekwenda kutafuta mitumba au kushonesha lazima alijue hilo kabla ya kutoa pesa.

Januari: kupanga upya

Njia nne zilikuwa mezani. Kukodi mara tatu kungegharimu pauni 285, na mwisho wake habaki na kitu. Kushonesha upya kulivuka bajeti kabla ya kununua hata soksi. Vifurushi vya kitalii, vya aina inayouzwa karibu na Royal Mile jijini Edinburgh, vilikuwa ndani ya bajeti, ila kilti iliyomo ilikuwa ndugu wa ile aliyoirudisha. (Mtaa huo una mafundi wa kweli pia; wanaochanganya ni wateja wasioingia ndani kushika kitambaa.) Ikabaki mitumba: nguo zilizostaafu kutoka maduka ya kukodisha, na nguo za watu binafsi.

Uamuzi wake ulikuwa kutumia nusu ya bajeti kwa kilti na matengenezo yake, nusu kwa vingine vyote. Sababu yake ni nzuri. Mkoba wa mbele, koti na soksi vinaweza kubadilishwa mwaka wowote, kimoja kimoja. Kilti mbovu haiboreshwi.

Kisha akajipima upya, safari hii akisaidiwa na mwenzake. Kiuno kwenye kitovu: inchi 37. Nyonga, futi ikizungushwa penye makalio yaliyojaa kabisa, miguu ikiwa pamoja: inchi 41. Urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti: sentimita 57. Juu ya mkanda wa kiunoni kilti hupanda tena sentimita 5, kwa hiyo urefu kamili wa nguo ni 62.

Hizo sentimita 5 nusura zimponze. Katikati ya Januari aliona tangazo la kilti ya sufu, "urefu inchi 24". Inchi 24 ni sentimita 61, karibu sawa na alichotaka. Badala ya kulipa, aliomba picha moja ya kilti ikiwa imelazwa chini na futi juu yake. Picha ilionyesha sentimita 66, kwa kuwa muuzaji alikuwa amepima kutoka mkandani kwenda chini. Kilti iliyozidi sentimita 4 hufunika goti zima, na kuifupisha si kazi ndogo: ukikata chini unapoteza ukingo wa kiwandani, ukikata juu unafumua kiuno, mikanda na bitana. Aliiacha.

Kuhusu tartani, alikuwa na wasiwasi wa haki: je, mtu asiye na ukoo wa Kiskoti avae rangi za nani? Hakuna sheria inayomzuia mtu kuvaa tartani ya ukoo kwa jumla. Uskoti ina rejesta rasmi ya tartani, iliyoanza 2009 chini ya sheria ya bunge lake ya 2008, nayo hutunza miundo na majina yake. Ruhusa za uvaaji haitoi. Zipo chache ambazo kwa desturi zimewekewa mipaka, kama Balmoral ya familia ya kifalme. Na zipo zinazohesabiwa kuwa za wote: Black Watch, Caledonian, Hunting Stewart. Aliamua kutafuta mojawapo ya hizo tatu. Uamuzi huo ulipanua uwanja wake, kwa kuwa ndizo zinazopatikana kwa wingi kwenye mitumba.

Februari: dukani

Kwa nini Februari? Harusi za Uskoti hujazana Mei hadi Septemba, na Desemba ina sherehe zake hadi usiku wa mwaka mpya. Baada ya 25 Januari pilikapilika hupoa. Maduka ya kukodisha hupata nafasi ya kukagua stoku na kuuza iliyochakaa. Watu waliosafisha makabati baada ya sikukuu wamekwisha kupeleka mifuko kwenye maduka ya hisani. Mafundi nao foleni yao ni fupi. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Alipouliza Februari, fundi wa matengenezo alimwambia wiki 3, akaongeza kwamba ukija Aprili usitarajie chini ya 8.

Alianza na mauzo ya duka la kukodisha. Aliona kilti tano za saizi yake. Nne zilikuwa za mchanganyiko wa poliesta. Moja ilikuwa sufu ya aunsi 13, pauni 140, imeshonwa kwa mashine, yenye mashimo ya mkanda yaliyotoboka hadi kuwa mapana. Kiunoni ilifunga sawasawa. Nyongani ilikuwa inchi 39. Aliposimama kando ya kioo, marinda yalichanua na kuacha nafasi katikati, kama feni iliyofunguliwa. Aliirudisha rafuni, na hapo alifanya jambo sahihi kuliko yote katika kisa hiki. Kilti husamehe kiuno: mikanda huhamishwa. Haisamehi nyonga. Kupanua nyonga ni kufumua marinda yote na kuyashona upya, na fundi atadai kitu kinachokaribia bei ya kilti mpya.

Wiki iliyofuata, katika duka la hisani la mji mdogo wa Perthshire, alikuta Hunting Stewart ya pauni 95. Lebo ya fundi ilikuwa imefutika. Alichokagua, kwa utaratibu wake:

Alianza chini: hapakuwa na upindo, ukingo ulikuwa wa kiwandani. Akageuza ndani: kando ya marinda kulikuwa na mishono midogo ya mkono, isiyolingana kabisa kwa urefu, na turubai chini ya bitana iliyochanika upande mmoja. Akasimama nyuma hatua mbili na kutazama mistari ya kulala inayokatiza nyonga. Ilipita marinda yote bila kupanda wala kushuka. Hesabu ya kitambaa: marinda 26, na kwa sababu kila rinda lilikuwa limekunjwa kurudia mchoro mzima wa tartani, alipima mchoro mmoja tu, sentimita 20. Mara 26 ni mita 5.2. Bapa mbili na mikunjo yake, mita 1.6. Jumla mita 6.8, yaani yadi 7 na nusu hivi. Kiuno inchi 36, nyonga inchi 41, urefu sentimita 62.5.

Mwisho akaiinua mbele ya dirisha, ubapa mmoja mmoja, rinda moja moja. Mwanga ulipenya mahali pawili kwenye ubapa wa chini: tundu mbili ndogo kuliko punje ya mchele. Nondo. Mikanda ya ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, bizimu moja lilikuwa na kutu.

Aliinunua. Kasoro zote tatu, yaani tundu, mikanda na bitana, zilikuwa za aina inayotengenezeka, na inchi 1 ya kiuno ilikuwa ndani ya uwezo wa mikanda.

Matengenezo

Fundi alibadilisha mikanda mitatu na mabizimu yake na kuongeza ile inchi 1 kwa pauni 48. Hapa pana jambo la kuangalia ukipeleka kwa fundi wa nguo za kawaida. Mikanda miwili hufunga kulia, na wa tatu, wa ubapa wa ndani, hupenya kwenye tundu la kiunoni na kufunga kushoto. Ukiongeza inchi nzima upande mmoja, ubapa wa mbele huhama na mstari wa katikati wa tartani hauko tena katikati ya mwili. Fundi aliyeijua kazi yake aligawa: nusu inchi kulia, nusu kushoto. Tundu za nondo zilifumwa kwa sindano kwa nyuzi zilizochomolewa ndani ya rinda, ili rangi ilingane: pauni 22. Bitana iliyochanika ilishikwa na kilti yote kupigwa mvuke kwa pauni 12.

Kabla ya hapo kilitokea kosa. Siku ya kununua aliitundika kilti kabatini, pamoja na suti zake mbili za sufu, na ilikaa humo siku nne. Ni fundi aliyemwuliza kwa simu kama ameigandisha. Mayai ya nondo ni madogo mno, si rahisi kuyaona kwa macho. Dawa yake ni kuifunga nguo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kuiweka kwenye friza la nyuzi -18 kwa wiki 2, kisha kuiacha irudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, ili unyevu utande nje ya plastiki na usifike kwenye sufu. Alifanya hivyo kwa kilti, na suti zote mbili zikafuata. Ratiba yake ikasogea wiki 2, kwa kuwa hakuna fundi anayependa kupokea nondo kwenye karakana yenye mabunda ya sufu.

Vingine vyote

Koti fupi la mtindo wa Argyll pamoja na fulana yake ya vifungo, kutoka mauzo ya duka la kukodisha: pauni 55. Alikuwa amefikiria kutumia koti la suti, akaliona kwenye kioo. Koti la suti hushuka hadi kufunika mkoba na nusu ya marinda. Argyll huenda mchana na usiku, ndiyo sababu aliliacha lile la Prince Charlie, ambalo ni la jioni rasmi. Mkoba wa ngozi wa mbele, mtumba: pauni 30. Soksi ndefu za sufu, mpya: 16. Vitambaa vya kuning'inia kwenye soksi: 7. Viatu vya kamba ndefu, mtumba: 40. Pini: 8. Hanga yenye vibanio vinne na mfuko wa zipu: 14. Mkanda wa kiunoni hakununua, kwa kuwa ukivaa fulana ya vifungo hauonekani. Kisu kidogo cha kwenye soksi pia alikiacha. Sheria ya Uskoti ya 1995 inakubali utetezi wa kubeba kisu kama sehemu ya vazi la kitaifa, lakini yeye aliona hakihitaji, na kumbi nyingine huvikataa. Atakayesafiri na kisu hicho kwa ndege akiweke kwenye mzigo wa chini, kamwe si mkononi.

Matokeo

Kilti na matengenezo: pauni 177. Vingine: 170. Nauli ya kurudisha ile ya kwanza: 9. Jumla 356, pauni 6 juu ya bajeti. Ukigawanya kwa bei ya kukodi, gharama yake inajilipa anapovaa mara ya nne. Amekwisha kuivaa mara tatu.

Vazi lote lilikuwa tayari katikati ya Aprili, wiki 10 kabla ya harusi. Siku yenyewe mvua ilinyesha wakati wa picha. Sufu ililowa juu, ikakauka mwilini ndani ya saa moja, marinda yakabaki yamesimama. Ukumbini mambo yakawa mengine: baada ya ngoma tatu za kuzungushana alitoka nje kupata hewa. Kitambaa kile, kwa makadirio ya fundi, ni aunsi 16, na matabaka yake yote yako nyuma kiunoni. Alikuwa na wazo la kuivaa pia kwenye harusi ya nyumbani Mombasa. Ameliacha.

Alipofika nyumbani usiku ule aliinyoosha kwa pasi, moja kwa moja juu ya sufu, bila kitambaa kibichi katikati. Marinda manne yaling'aa kwenye mikunjo. Mng'ao huo ulipungua kwa mvuke na brashi, ila chini ya taa kali bado unaonekana.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa maswali. Mara ya kwanza alianza na bei, akaishia na vipimo. Mara ya pili alianza na nyonga, akafuata urefu, kisha kitambaa, kisha mishono, na bei ikaja mwisho. Ilipofika zamu ya bei, kilti tano kati ya sita alizozishika zilikuwa zimekwisha kujiondoa. Mnunuzi anayetembea na futi mfukoni na namba tatu zilizoandikwa kwenye karatasi haumizwi na bandiko la punguzo.

Wakati pia ulimsaidia, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Punguzo la Februari lilimwokolea pesa kidogo tu. Pauni 95 ya duka la hisani ingekuwa ile ile Julai. Faida ya Februari ilikuwa foleni fupi ya fundi. Mtumba wa kilti karibu kila mara unahitaji fundi, na bila fundi mwenye nafasi, kilti yenye mikanda iliyopasuka si ya bei nafuu hata ukipewa bure. Yeye alikuwa na wiki 20 mkononi kuanzia siku ya kununua. Wiki 2 zikaliwa na friza, 3 na fundi, nyingine kadhaa na kuvitafuta vitu vidogo kimoja kimoja, na bado zikabaki 10. Angekuwa ameanza katikati ya Aprili, kosa lile la nondo peke yake lingemlazimisha kukodi.

Uamuzi wa kuchukua tartani ya wote ulikuwa wa heshima, na ulikuwa pia wa kiuchumi. Anayetafuta tartani moja maalum kwenye mitumba, saizi moja maalum, anaweza kungoja miaka. Na atambue kwamba jina halitoshi: tartani ile ile hutiwa rangi kwa namna tofauti, na zile zinazoitwa za "kale" ni rangi zilizofifishwa, hazihusiani na umri wa nguo. Kama harusi inataka wanaume walingane, kwenye hilo kukodi kwa pamoja hushinda.

Lililoharibika ni uzito. Katika ukaguzi wote ule mzuri hakujiuliza ataivaa wapi. Shughuli zake zote tatu zilikuwa za ukumbini, zenye ngoma. Aunsi 13 ingemtosha na kumstarehesha zaidi. Hata hivyo nisingemshauri aikatae kilti ile: nyonga, urefu na mishono vikikutana kwa pauni 95, aunsi 3 za joto zinavumilika. Ningemshauri anunue shati jepesi la pamba na kuvua koti baada ya chakula.

Kuhusu matunzo, gharama ijayo iko wazi. Kilti ya sufu haihitaji kufuliwa kila ivaliwapo. Huning'inizwa penye hewa usiku mmoja, hupigwa brashi laini kufuata marinda, na doa hufutwa kwa maji baridi. Ikibidi kwenda kwa dobi wa kemikali, kwanza marinda yapigwe bandi kwa uzi mweupe, mistari miwili au mitatu kutoka nyonga hadi chini, ili yasivurugike ndani ya mashine. Uzi huo hutolewa kabla ya kuvaa. Pasi huwekwa juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, ikabonyezwa na kuinuliwa bila kuburutwa. Pini hupita kwenye ubapa wa juu peke yake. Ukishona bapa mbili pamoja, hatua ya kwanza ndefu huchana sufu, na mchaniko wa mbele hauna pa kufichwa.

Ile tundu moja ya nondo ilionekana tena Septemba, upande wa ndani. Fundi aliitazama akasema ni uzi wa ufumaji ulioachia, si mdudu mpya. Aliufunga pale pale, papo kwa papo, bila malipo.